Lundo la Kingatori

Februari 1933, kwenye shamba la kahawa lililoitwa Kingatori, maili chache kutoka Nairobi upande wa Kiambu, vibarua walianza kurundika takataka kwa amri. Nyasi, magugu, majani makavu, mavi ya ng'ombe, majivu: chochote kilichowahi kuwa na uhai na kingeweza kuoza. Mwenye shamba alikuwa amemtumia meneja wake maagizo kwamba taka zote zinazowezekana zigeuzwe mboji.

Tunaijua habari hii kwa bahati tu. Wakati huohuo Mwingereza mmoja aliyekuwa amemaliza kazi yake India, jina lake Albert Howard, alikuwa kwenye ziara ya kuzunguka Afrika na alitaka kuliona Bonde la Ufa. Akapitia Kingatori kumsalimia meneja, Meja Belcher, na kumbe anakuta watu wanarundika takataka kwa kufuata kanuni aliyoitunga yeye mwenyewe. Fikiria unasafiri maelfu ya maili, unabisha hodi mahali, unakuta wanapika kwa mapishi yako. Howard hakulisahau jambo hilo. Kwenye kitabu chake cha 1940, An Agricultural Testament, aliandika kwamba Kingatori ndiyo ilikuwa mahali pa kwanza Afrika kuitumia mbinu yake.

Kitabu hicho kiko mtandaoni bure. Nilikisoma kwenye simu, sehemu kubwa ndani ya matatu, na nilipofika pale kwa Kingatori ilibidi nirudi juu nisome tena. Mboji haikuwa shida. Shida ilikuwa jina la mwenye shamba: Meja Grogan. Tutafika kwake.

Kwanza mboji yenyewe, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa habari zake darasa la sita, tukaandika kwenye daftari "mboji huongeza rutuba", tukapata alama, na hatukuuliza inaongezaje.

Jani ni akiba. Mti umechukua kaboni kutoka hewani na madini kutoka chini, ukayajenga kuwa kitu kimoja. Jani likianguka, akiba hiyo imefungwa. Mzizi hauwezi kulila jani. Wanaolila ni wengine. Bakteria huanza na vitu laini, sukari na wanga, na hiyo kazi huisha kwa siku chache. Kuvu huja nyuma yao kushughulikia nyuzinyuzi ngumu zaidi. Kile kinachofanya mti uwe mti, ule ugumu wa kuni, ndicho huchukua muda mrefu kuliko vyote. Nyungunyungu huburuta vipande vya majani hadi mashimoni mwao na kuvitoa vikiwa vimechanganyika na udongo. Charles Darwin aliwapenda sana hawa viumbe. Kitabu chake cha mwisho, cha 1881, mwaka mmoja kabla afe, kilikuwa juu yao tu. Huku kwetu kuna pia mchwa, ambao watu huwachukia kwa sababu ya milango na dari, ilhali wamekuwa wakisaga mimea mikavu ya nchi hii tangu kabla ya mtu yeyote kushika jembe.

Mwisho wa karamu yote hiyo kunabaki kitu cheusi kisicho na umbo la jani wala la bua. Hiyo ndiyo mboji. Inanyonya maji na kuyashika. Inagandisha chembe za udongo pamoja ili hewa na mizizi vipite katikati. Inashikilia madini yasisombwe na mvua, halafu inayaachilia polepole jinsi inavyoendelea kuliwa. Kwa hivyo mmea haulishwi na jani. Unalishwa na mabaki ya wale waliokula jani, na miili yao wenyewe wakifa.

Sasa hapa ndipo watu hukosea. Ukichukua mabua makavu ya mahindi ukayafukia shambani halafu upande juu yake wiki hiyohiyo, mahindi yako yatageuka manjano. Mabua yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo mno, na wale bakteria wanahitaji naitrojeni kujenga miili yao. Wakiikosa kwenye bua wanaichukua kwenye udongo, na mmea wako unabaki kwa foleni. Baadaye wanairudisha, lakini msimu hautakusubiri. Ndiyo maana inabidi kuchanganya kikavu na kibichi, na kuongeza mavi ya ng'ombe. Ndiyo maana pia lundo linahitaji hewa: likizama maji, wanaobaki ni wale bakteria wasiotumia hewa, na hao ndio wanaoleta ule uvundo.

Kazi ya Howard ilikuwa kuyaweka haya yote kwenye kanuni ambayo mtu anaweza kuifuata bila kubahatisha. Alizaliwa 1873 katika familia ya wakulima, akasomea sayansi ya mimea, akapelekwa India mwaka 1905. Kule Indore, kwenye taasisi iliyoanza 1924, alifanya kazi na mkewe Gabrielle, ambaye alikuwa mwanasayansi wa mimea kwa haki yake mwenyewe na ambaye alifariki 1930 kabla kazi haijachapishwa. Kulikuwa pia na mkemia Mhindi, Yeshwant Wad. Kitabu cha 1931 kilichoeleza mbinu hiyo kina majina mawili kwenye jalada, Howard na Wad. Uliza leo watu wa kilimo hai nani aliyeanzisha mbinu ya Indore, utasikia jina moja.

Kanuni yenyewe si ngumu. Changanya mabaki ya mimea ya aina nyingi, kavu na mbichi, hadi kaboni iwe kama mara 33 ya naitrojeni. Ongeza mavi, udongo uliolowa mkojo wa ng'ombe, majivu ya kuni. Mwagia maji. Lundo linapata joto hadi kupita digrii 60, mbegu za magugu zinakufa humo ndani. Ligeuze mara tatu. Baada ya kama miezi mitatu una mboji. Howard mwenyewe hakuficha kwamba mengi alifundishwa na wakulima wa India. Aliwahesabu wao, pamoja na wadudu waharibifu, kuwa maprofesa wake. Alikuwa pia amesoma kitabu cha Mmarekani F. H. King, cha 1911, kuhusu wakulima wa China, Korea na Japani waliolima ardhi ileile kwa miaka elfu nne bila kuichosha. Kwa hivyo kilichofika Kiambu mwaka 1933 kilikuwa ujuzi wa wakulima wa Asia, uliopimwa maabara India, ukachapishwa Uingereza, ukaja kwa posta.

Ukafika kwa Grogan.

Kama umekulia Nairobi, Grogan unamjua hata kama hujui unamjua. Pale Kirinyaga Road kwa mafundi wa magari na spea, wazee bado wanapaita Grogan, kwa sababu barabara hiyo ilikuwa yake kwa jina. Gertrude's, ile hospitali ya watoto Muthaiga, ina jina la mke wake. Ewart Grogan ndiye yule aliyesafiri kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri kati ya 1898 na 1900, sehemu kubwa kwa miguu, ili kumthibitishia baba wa kambo wa msichana huyo kwamba yeye ni mwanamume. Hiyo ndiyo hadithi wanayopenda kuisimulia. Ile nyingine ni ya Machi 1907, alipowachapa viboko Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta rikisho, hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, huku umati wa walowezi ukitazama. Kosa lao, alidai, ni kuwavunjia heshima wanawake wa kizungu.

Miaka 26 baadaye mtu huyohuyo anaagiza mboji. Sisemi kwamba aliyechapa watu hawezi kuwa na wazo zuri kuhusu udongo. Wazo lilikuwa zuri. Bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka tangu mdororo wa 1929, mbolea ya kutoka ng'ambo ilikuwa ghali, na kahawa, ukiivuna mwaka baada ya mwaka bila kurudisha kitu, inanyonya udongo kama mtoto wa ng'ombe. Grogan alipiga hesabu vizuri.

Angalia hesabu yenyewe. Kulingana na ripoti ya meneja ambayo Howard aliinukuu, shamba lilitengeneza zaidi ya tani 1,600 za mboji katika miezi 28, kwa gharama ya shilingi nne na ushee kwa tani, na sehemu kubwa ya gharama hiyo ilikuwa ya kukusanya malighafi. Tani 1,600 kwa miezi 28 ni kama tani mbili kwa siku, Jumapili ikiwemo. Na hizo ni tani za mboji iliyoiva. Kabla ya kuiva lundo lilikuwa kubwa zaidi, maana kuoza hupunguza, na lote lilikatwa kwa panga, likabebwa, likamwagiwa maji yaliyotekwa mahali fulani, likageuzwa mara tatu, halafu likabebwa tena hadi kwenye kila mkahawa.

Nani alibeba? Hapo ukurasa umenyamaza. Tunaambiwa jina la meneja na jina la mwenyewe, tunaambiwa asilimia ya naitrojeni kwenye mboji. Mikono inaingia kwenye hesabu kama shilingi nne kwa tani.

Lakini kuna vitu tunavijua kuhusu mikono hiyo. Tunajua kwamba miaka hiyo kibarua wa shamba alifanya kazi kwa tiketi ya siku 30 na kulipwa kama shilingi kumi hivi, mara nyingine chini ya hapo. Tunajua kwamba kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi alitakiwa kutembea na kipande shingoni, na meneja asipokitia sahihi huendi kokote. Tunajua kwamba wakati lundo la kwanza la Kingatori linapata joto, Tume ya Ardhi ya Kenya, ile ya Morris Carter, ilikuwa katikati ya kazi yake ya kusikiliza malalamiko ya ardhi, na Kiambu ilikuwa na malalamiko mengi kuliko karatasi za kuyaandikia. Ripoti ilitoka 1934. Milima ya Wazungu ilibaki ya Wazungu.

Na tunajua hili, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: Mkikuyu wa Kiambu hakuruhusiwa kupanda kahawa. Serikali ya kikoloni ilianza kuwaruhusu Waafrika wachache huko Kisii, Embu na Meru katika miaka ya thelathini, mbali na mashamba ya walowezi, chini ya masharti makali. Kwa watu wa karibu na Nairobi mlango ulifunguka miaka ya hamsini tu. Yaani mtu aliyejifunza kutengeneza mboji Kingatori, aliyejua kwa kuingiza mkono kwamba lundo limepata joto la kutosha, akarudi nyumbani jioni, hakuwa na mkahawa wake mwenyewe wa kuuwekea hiyo mboji. Sheria ilimkataza kuwa nao.

Kuna wasee mtandaoni wanaosimulia kilimo hai kama zawadi ambayo wazungu wachache wenye busara walituletea baada ya wazungu wengine kutuharibia. Hadithi tamu, lakini haipiti mtihani.

Kwa Kikuyu kuna neno kiara. Ni lundo la taka la boma: majivu, maganda, mabaki ya mashina ya ndizi, kinyesi cha mbuzi, kila kitu kinachofagiliwa asubuhi. Kiara hakikuwa jalala kwa maana yetu ya leo. Kilikuwa na mahali pake pa heshima nyumbani, na kilichoota pale, hasa maboga, kiliota kwa fujo. Shosho yangu bado anasema boga la kiara halihitaji sukari. Hakuna aliyepima uwiano wa kaboni. Hakuna aliyehitaji kuupima, kwa sababu nyumba yenye mifugo, moto wa kuni na ndizi huzalisha mchanganyiko huo yenyewe kila siku.

Ukivuka mpaka unakuta mambo makubwa zaidi. Kwenye Ziwa Victoria, karibu na Ukerewe, kuna kisiwa kinaitwa Ukara. Ni kidogo na kimejaa watu. Wakara walifuga ng'ombe ndani ya nyumba, wakawakatia nyasi na majani, wanyama wakayakanyaga na kuyalowesha, na kila msimu samadi hiyo ikabebwa hadi shambani. Katikati ya mazao walipanda mmea wa jamii ya marejea, wakaulima chini ungali mbichi uoze humohumo. Walifanya hivyo kwa sababu hawakuwa na mahali pa kuhamia.

Lakini ninaowapenda zaidi ni Wamatengo. Wako Mbinga, kusini kabisa mwa Tanzania, kwenye milima yenye miteremko ambayo ukiangusha boga juu utalichukua bondeni. Walibanwa huko juu karne ya kumi na tisa walipokuwa wakiwakimbia Wangoni. Mtu akibanwa mlimani na mvua za kule, ana misimu michache tu kabla udongo wake wote haujawa wa watu wa chini. Walichobuni kinaitwa ngoro. Unakata nyasi zilizoota kwenye shamba lililopumzishwa. Unaziacha zikauke kidogo, halafu unazipanga kwa mistari inayokatana, hadi mlima mzima unaonekana kama daftari la hesabu. Kisha unachimba udongo katikati ya kila mraba na kuutupa juu ya nyasi. Nyasi zimefunikwa, katikati kumebaki shimo. Maharage yanapandwa juu ya kingo, na chini yake nyasi zinaoza. Msimu unaofuata mahindi yanakuta karamu imeiva. Mvua ikinyesha, kila shimo linashika maji yake na matope yake, hakuna kinachoteremka. Ardhi ikirudiwa baada ya kupumzika, mashimo mapya yanachimbwa palipokuwa na kingo za zamani, na kingo zinajengwa palipokuwa na mashimo. Kwa mzunguko huo kila hatua ya mlima inapata zamu yake ya kulishwa.

Kwa desturi wanaume ndio waliokata na kupanga nyasi, wanawake wakachimba. Sijasema ni haki. Nimesema wamelima miteremko hiyohiyo zaidi ya miaka mia moja.

Turudi Kenya, maana huku hadithi iligeuka. Baada ya vumbi kubwa lililofukia mashamba ya Marekani miaka ya thelathini, serikali za kikoloni kila mahali zilishikwa na hofu ya mmomonyoko. Kenya ikaanzisha idara ya kuhifadhi udongo. Maofisa walitazama miteremko iliyochoka ya Murang'a na Machakos, wakaandika kwamba Mwafrika hajui kulima. Kwamba Mwafrika huyo alikuwa amesongamanishwa kwenye hifadhi, hawezi tena kupumzisha shamba kama babake alivyofanya, hilo halikuandikwa kwa wino uleule. Ardhi iliyokuwa ikipumzika miaka kadhaa, nyasi zikaota, zikaanguka, zikaoza, sasa ililimwa kila msimu kwa sababu hakukuwa na nyingine.

Dawa ikawa amri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanawake wa Murang'a walitolewa kwenye mashamba yao asubuhi kadhaa za wiki kwenda kuchimba matuta kwa lazima, bila malipo, chini ya machifu. Wanaume wengi walikuwa Nairobi au kwenye mashamba ya walowezi, labda wengine wakigeuza malundo. Mwaka 1947 watu walianza kukataa, na 1948 wanawake kwa maelfu waliandamana wakiimba na kucheza hadi makao ya wilaya, wakasema hawachimbi tena. Matuta yenyewe yalikuwa na faida, hata leo ukienda utayaona yamesimama. Lakini mama anayechimba kuokoa udongo huku akishuku kwamba udongo huo ukishapona utachukuliwa hana sababu ya kuchimba. Walikuwa wameshaona mashamba yaliyopona yakienda wapi.

Miaka minne baadaye hali ya hatari ilitangazwa, na sitaingia huko.

Halafu likaja gunia. Nalo lina historia ndefu: Justus von Liebig, Mjerumani, aliwashawishi watu kuanzia 1840 kwamba mmea unahitaji madini, na madini unaweza kuyanunua. Fritz Haber akaweza kuikamata naitrojeni ya hewani kwenye maabara mwaka 1909. Carl Bosch akaijengea kiwanda huko Oppau, kikaanza 1913. Kenya gunia lilishika kasi pamoja na mahindi ya haibridi yaliyotoka Kitale, ile 611 ya 1964. Mbegu mpya na fatalaiza vilikuja kama mtu na ndugu yake, na vilifanya kazi. Nasisitiza, kwa sababu watu wa mboji hupenda kuruka hapa: vilifanya kazi. Mavuno yalipanda, watoto wakaenda shule.

Na mboji peke yake haitoshi. Ushahidi uko Kabete, karibu tu na kule Grogan alikokuwa na lundo lake. Kwenye kituo cha utafiti cha serikali kuna jaribio lililoanza 1976: vipande vya shamba, mahindi na maharage, vingine vinapewa mbolea ya dukani, vingine samadi, vingine vinaachiwa mabua, vingine mchanganyiko, vingine havipewi chochote. Baada ya karibu miaka ishirini waliopima walikuta kwamba mavuno mazuri zaidi yanatoka palipochanganywa vyote: samadi, fatalaiza na mabua yaliyorudishwa. Walikuta pia jambo la kutisha kidogo. Kaboni ya udongo ilikuwa imeshuka kila mahali, hata kwenye vipande vilivyopewa kila kitu. Vilivyopewa samadi na mabua vilishuka polepole zaidi, basi. Hivi ndivyo udongo uliokuwa msitu unavyofanya ukilimwa kila mwaka. Unakula akiba ya miti iliyokufa kabla ya babu zetu kuzaliwa.

Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba gunia moja la mboji litarudisha shamba la nyanya yako lilivyokuwa, muulize tani ngapi, na nani atabeba. Swali la Kingatori halijaondoka. Mboji ni bure hadi ufikie kuikusanya. Mkulima mdogo wa leo ana ng'ombe mmoja au hana, mabua yake ndiyo chakula cha huyo ng'ombe, na watoto wako Nairobi. Ndiyo maana mwaka 2022 gunia la kilo 50 lilipopita shilingi 6,000 watu walilia badala ya kushika jembe uma, na ndiyo maana 2024 ilipogunduliwa kwamba kuna magunia ya ruzuku yaliyouzwa bila kufikia viwango vya mbolea, lilikuwa pigo la mwaka mzima. Mkulima aliyekwisha kupanda hana pa kurudi.

Lakini mabaki yapo. Yako tu mahali pasipofaa. Kila usiku malori yanaingia Marikiti na kabichi za Nyandarua, ndizi za Meru, viazi vya Molo. Kila jani la nje la kabichi ni naitrojeni iliyotoka kwenye shamba fulani ikaja mjini bila tiketi ya kurudi. Mama mboga analichambua, analitupa. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni vitu vya kuoza, na nyingi zinaishia Dandora, jalala lililotangazwa kujaa mwaka 2001 na ambalo bado linapokea. Pale chini ya uzito wa plastiki hakuna hewa. Kile ambacho kwenye lundo kingekuwa mboji kinageuka gesi ya methani, inawaka moto wenyewe, na watoto wa Korogocho wanavuta moshi wake. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka kila nyumba itenganishe za kuoza na zisizooza. Kwetu plotini tuna pipa moja. Mwenye nyumba anasema anayelipwa kuchukua taka atachanganya tu mbele ya safari, na kusema ukweli amekuwa akichanganya.

Wale wanaofanya tofauti wapo, vikundi vya vijana kule Korogocho na Kibera wanaogeuza maganda kwa uma na kuuza mboji kwa gunia. Ukiwauliza shida yao kubwa, hawatakutajia bakteria. Watakutajia mahali pa kuweka lundo. Ardhi si yao, na siku yoyote mwenyewe anaweza kuja na mabati.

Na mashamba ya kahawa ya Kiambu? Nenda Jumamosi uone. Mengi sasa ni mageti, maghorofa na matangazo ya ploti za robo ekari. Kabla ya msingi kuchimbwa, tingatinga hukwangua tabaka la juu, lile jekundu lililoiva, kwa sababu nyumba haiwezi kusimama juu ya kitu laini namna hiyo. Halitupwi. Linapakiwa kwenye lori na kuletwa mjini, kwa wauza maua walio kando ya barabara, wanaolichanganya na samadi na kulipakia kwenye magunia ya wanaopanda sukuma kwenye balkoni. Nilinunua gunia moja mwezi uliopita, nikamuuliza muuzaji udongo umetoka wapi. Akaonyesha kwa kidole upande wa Kiambu, akaniuliza kama nataka la pili, akipakia yote mawili atanipunguzia hamsini.